Plasta, chingamu au sigara ya elektroniki: uchague ipi unapoacha kuvuta

Mtu wa Lubumbashi anayetaka kuacha sigara anaweza kupewa mashauri matatu kwa siku moja. Farmasi wanamwambia abandike plasta ya nikotini. Ndugu aliyetoka safari anamletea sigara ya elektroniki. Jirani anamwambia ajikaze tu, aache. Ulinganisho huu ni wa yule aliyekwisha kuamua kuacha, akabaki kusitasita kuhusu njia.

Jambo moja litangulie, kwa sababu linaangusha watu wengi kuliko kifaa kibaya. Nikotini ndiyo inayomrudisha mtu kwenye sigara, lakini kinachomuua mvutaji ni moshi: lami, kaboni monoksidi na kemikali zinazozaliwa tumbako inapoungua. Njia zote tunazolinganisha hapa zinaupa mwili nikotini bila moshi huo, kisha kiasi kinapunguzwa polepole. Anayejipunja kipimo kwa kuogopa "sumu", na anayeacha dawa wiki ya pili kwa kuwa sasa anajisikia vizuri, wote wawili wako karibu sana na kibanda cha sigara. Nikotini si kitu cha mchezo: inamfanya mtu mtumwa wake, na kwa mtoto ni hatari kubwa. Lakini kwa mtu mzima anayevuta kila siku, kipimo kidogo mno ni kosa la kawaida kuliko kipimo kikubwa mno.

Jipime kabla ya kulinganisha

Swali la kwanza linazidi mengine yote: baada ya kuamka, unavuta sigara ya kwanza dakika ya ngapi? Ikiwa ni ndani ya dakika 30, utegemezi wako ni mkubwa, hata kama unavuta sigara nane tu kwa siku. Ukiweza kunywa chai, kuoga na kufika kazini kabla ya kuwasha, utegemezi ni mdogo.

Swali la pili ni idadi. Wengi hapa wananunua moja moja, kwa hiyo hawaijui. Kwa siku tatu, kila kipisi ukitie kwenye kopo badala ya kukitupa, na usiku uvihesabu. Watu wengi hukuta hesabu imezidi ile waliyokuwa wakimtajia daktari.

Kisha angalia hamu yako inavyokuja: inakusumbua kutwa nzima bila kukatika, au inakupiga kwa ghafla, baada ya bukari (ugali) ya mchana, mbele ya chupa ya bia ya Simba, au zamu inapoisha? Angalia pia meno, ngozi, moyo na ujauzito. Angalia kazi yako inakuruhusu nini, na umeme wa kwako unawaka saa ngapi. Mwisho, pesa: unaweza kupata dawa ya wiki 10 hadi 12 bila kukatika? Tumempima kila mshindani kwa mambo yale yale: nikotini inavyofika mwilini, matumizi sahihi, yanayoharibika, gharama na upatikanaji, na nani anafaidika nayo.

1. Plasta ya nikotini

*Inavyofanya kazi.* Nikotini inapita kwenye ngozi polepole, kiasi kile kile kutwa. Inachukua saa kadhaa kufikia kiwango chake, kwa hiyo plasta haizimi hamu iliyokwisha kukushika. Kazi yake ni kushusha hamu yote ya siku. Sigara inafikisha nikotini kwenye ubongo kwa sekunde chache. Usitegemee plasta ikupe kitu kama hicho.

*Matumizi.* Soma boksi kwanza. Ziko plasta za saa 24 (21, 14 na 7 mg) na za saa 16 (25, 15 na 10 mg), na maandishi "mg/24 h" au "mg/16 h" ndiyo yanayokuonyesha tofauti. Usihesabu ya 25 kuwa kali kuliko ya 21 bila kutazama saa. Kwa plasta za saa 24, anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na 21 mg kwa wiki 6, kisha 14 mg kwa wiki 2, kisha 7 mg kwa wiki 2. Anayevuta 10 au chini huanza na 14 mg kwa wiki 6, kisha 7 mg kwa wiki 2.

Ibandike asubuhi, mahali pasipo nywele: juu ya mkono, kifuani au mgongoni. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanaoga, wanajipaka mafuta mwili mzima, halafu ndio wanafungua plasta. Plasta haishiki juu ya mafuta. Chagua mahali pa leo kabla ya kujipaka, paoshe kwa maji matupu, pakauke kabisa, kisha bandika na ukandamize kwa kiganja sekunde 10. Osha mikono kwa maji. Kesho badili mahali, na usirudi pale pale kabla ya wiki kupita. Usiikate vipande ili idumu.

*Yanayoharibika.* Ngozi inaweza kuwasha na kuwa nyekundu. Kwa kawaida kubadili mahali kunatosha, lakini vipele vikienea, iondoe na umwone muuguzi. Ndoto kali na usingizi mbaya hutokea kwa plasta za saa 24. Dawa yake ni kuivua unapolala, ingawa hamu ya asubuhi inaweza kuwa kali kwa saa za kwanza mpaka mpya ianze kazi. Joto la Septemba na Oktoba linaleta mawili: jasho linabandua kingo, na ngozi iliyochemka hufyonza nikotini kwa kasi zaidi. Anayefanya kazi juani ndani ya ovaroli aibandike juu ya mkono, upande wa ndani, au mgongoni pasipopigwa na mkanda wa mzigo. Kichefuchefu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio ni dalili kwamba kipimo kimezidi: iondoe, osha ngozi hiyo kwa maji, na kesho shuka ngazi moja.

Kuna hofu inayotembea mitaani kwamba ukivuta sigara moja huku umebandika plasta, moyo unasimama. Sivyo. Ukiteleza, iache plasta mahali pake na uendelee na siku yako. Wanaoing'oa kwa hofu hiyo ndio wanaomaliza pakiti kufika jioni.

*Gharama na upatikanaji.* Mzunguko mzima wa anayeanza na 21 mg ni plasta 70: 42, kisha 14, kisha 14. Mtu wa sigara 15 kwa siku angechoma sigara 1,050 katika siku hizo hizo 70. Pigia hesabu zote mbili kwa bei za leo kabla ya kusema plasta ni ghali. Kwenye farmasi kubwa za katikati ya mji uliza swali moja kabla ya bei: mnaweza kunihakikishia ngazi zote tatu? Boksi moja la 21 mg lisilo na mwenzake linakuacha njiani wiki ya pili.

*Inamfaa nani.* Mtu mwenye hamu ya kutwa, asiyetaka kukumbuka dawa kila saa, na mwenye kazi isiyomruhusu kutafuna wala kushika kitu mdomoni. Haimtoshi peke yake yule anayeanguka kwa hamu za ghafla.

2. Chingamu na vidonge vya kumumunya

*Inavyofanya kazi.* Nikotini inapita kwenye ngozi laini ya ndani ya mdomo na kuanza kusikika baada ya dakika kadhaa. Ni ya haraka kuliko plasta, ni ya polepole kuliko moshi. Iliyomezwa inapotea bure tumboni na kuleta kwikwi na kiungulia.

*Matumizi.* Kipimo kinafuata lile swali la asubuhi: ukivuta ndani ya dakika 30 za kuamka, chukua 4 mg, ukichelewa zaidi, 2 mg. Wiki ya 1 hadi ya 6, kimoja kila saa 1 au 2. Wiki ya 7 hadi ya 9, kila saa 2 hadi 4. Wiki ya 10 hadi ya 12, kila saa 4 hadi 8. Chingamu zisizidi 24 kwa siku, vidonge visizidi 20.

Neno chingamu linawapotosha watu. Hii haitafunwi kama peremende. Itafune polepole, mara chache, mpaka usikie ukali kama wa pilipili au mchonyoto kwenye fizi. Hapo acha kutafuna kabisa, uisukume kati ya shavu na fizi, ukae nayo. Ukali ukiisha, dakika moja hivi, itafune tena kidogo, kisha uihamishie shavu la pili. Kimoja kinachukua nusu saa. Anayeitafuna mfululizo anameza nikotini yote ndani ya dakika tano, tumbo linamchafuka, halafu anatangaza kwamba dawa hii haifai.

Kosa la pili ni kinywaji. Kahawa, soda na juisi zinatia mdomo uchachu, na mdomo mchachu haupitishi nikotini. Dakika 15 kabla na wakati wote chingamu iko mdomoni, kunywa maji tu. Kwa kidonge masharti ni yale yale, ila hakitafunwi hata kidogo: kinayeyuka chenyewe kwa dakika 20 hadi 30, ukikihamisha toka shavu hadi shavu.

*Yanayoharibika.* Taya kuuma, kwikwi, kiungulia. Karibu yote yanatokana na kutafuna kwa haraka. Meno ya bandia na meno yaliyolegea hayapendi chingamu. Hao wachukue kidonge. Kubwa zaidi ni uchache: watu wanakula vinne kwa siku, wakati siku yao inahitaji 10 au zaidi.

*Gharama na upatikanaji.* Kwa 10 kwa siku, kisha 5, kisha 3, wiki 12 zinataka vipande 588 hivi. Ni vingi. Faida yake ni kwamba kikikosekana siku moja mpango hauvunjiki wote, na unaweza kununua kwa kiasi cha mfuko.

*Inamfaa nani.* Mwenye hamu ya ghafla, mwenye sigara chache, na anayetaka mdomo uwe na kazi. Kwa mama mjamzito aliyeshindwa kuacha bila dawa, chingamu au kidonge huwa chaguo la kwanza kuliko plasta, kwa ushauri wa daktari. Akipewa plasta, aivue usiku.

3. Plasta na chingamu pamoja

Wengi hawajui kama inaruhusiwa. Inaruhusiwa, na kwa mvutaji mzito ni bora kuliko kimoja peke yake. Uchambuzi wa tafiti nyingi unaonyesha kwamba dawa moja ya nikotini inaongeza nafasi ya kuacha kwa karibu nusu zaidi kuliko kutotumia kitu, na kuunganisha mbili kunaongeza tena. Shirika la Afya Duniani, lililoingiza dawa za nikotini kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, linaipendekeza njia hii katika mwongozo wake wa 2024.

*Inavyofanya kazi na matumizi.* Plasta asubuhi kwa ratiba ile ile ya juu. Chingamu ya 2 mg (4 mg kwa mzito sana) inawekwa mfukoni kwa saa za hatari tu: baada ya chakula, safarini, kwenye msiba, baa. Kwa wengi vipande 4 hadi 6 kwa siku vinatosha.

*Yanayoharibika.* Kichefuchefu ukizidisha. Punguza chingamu kwanza, plasta iache.

*Gharama na inamfaa nani.* Ndiyo ghali zaidi kwa mwezi wa kwanza. Inamfaa anayewasha kabla hajashuka kitandani, na yule aliyejaribu plasta peke yake akaanguka.

4. Sigara ya elektroniki

Hapa wataalamu hawakubaliani, na msomaji ana haki ya kujua hivyo. Uingereza inaitumia kwenye huduma za serikali za kuwasaidia wavutaji. Shirika la Afya Duniani haliipendekezi kama dawa ya kuacha, na Desemba 2023 lilizitaka nchi zichukue hatua za haraka kuwakinga watoto nayo. Pande zote mbili zina sababu. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa watu 886 na kutolewa mwaka 2019 ulikuta kwamba baada ya mwaka, 18% ya waliopewa sigara ya elektroniki walikuwa wameacha sigara, dhidi ya 9.9% ya waliopewa plasta, chingamu na dawa kama hizo. Wote walipata pia mshauri wa kila wiki. Lakini kati ya walioacha, 80% ya kundi la elektroniki walikuwa bado wanaitumia mwaka ulipoisha, na kwa kundi la pili 9% tu walikuwa bado wanatumia dawa. Kwa hiyo inawatoa watu kwenye sigara, lakini yenyewe haiwaachii kwa urahisi.

*Inavyofanya kazi.* Betri inapasha moto koili (waya mdogo uliosokotwa), koili imezungukwa na pamba iliyolowa likidi, na likidi inageuka mvuke. Likidi ni propilini glaikoli, gliserini ya mimea, ladha na nikotini. Hakuna kuungua, kwa hiyo hakuna lami wala kaboni monoksidi ya sigara. Lakini mvuke si hewa safi, na madhara ya miaka 20 au 30 bado hayajajulikana. Asiyevuta asiiguse.

*Matumizi.* Chukua kifaa cha kujaza, chenye tangi dogo na mvuto mzito unaofanana na wa sigara. Kwa mtu wa sigara 20, likidi ya 18 hadi 20 mg/ml. Kwa mtu wa 10, karibu 12. Ulaya hairuhusu kuzidi 20 mg/ml, lakini zile za kutumia na kutupa zinazozunguka masokoni mara nyingine zina 50. Baada ya kujaza au kubadili koili, subiri dakika 10 pamba ilowe. Vuta polepole, sekunde 3 hadi 5, kisha pumzika. Mvuto mfupi wa haraka wa sigara hautoi kitu hapa. Weka siku moja ya kuhama, na kuanzia siku hiyo sigara isiwashwe. Sigara ikishakaa mbali miezi kadhaa, shusha likidi toka 20 hadi 12, 6, 3, kisha 0.

*Yanayoharibika.* Ladha ya kuungua maana yake pamba imekauka au koili imekwisha. Hubadilishwa kila wiki moja au mbili, na kuendelea kuvuta hivyo ni kuvuta kitu kibaya zaidi. Kikohozi cha siku za kwanza hutokana mara nyingi na kuvuta kwa nguvu. Tangi huvuja likilala ndani ya gari lenye joto. Betri isichajiwe kitandani wala kwa chaja isiyo yake, na kwenye ndege ikae mkobani, si kwenye mzigo unaoshuka chini. Chupa isiyo na kiasi cha nikotini wala tarehe usiinunue, na usichanganye likidi yako mwenyewe kwa mafuta ya aina yoyote: maradhi makali ya mapafu yaliyoikumba Marekani mwaka 2019 yalihusishwa zaidi na mafuta ya vitamini E yaliyotiwa kwenye likidi za bangi. Likidi ikimwagika mkononi, osha mara moja. Mtoto akinywa hata kidogo, kimbiza hospitali.

Mtego wake mkubwa ni matumizi ya mbili: sigara nyumbani, elektroniki ofisini. Kifua hakipati faida inayotarajiwa, na mtu anabaki hivyo miaka akiamini anaacha. Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, inauchochea mtego huo, kwa kuwa betri ikizima saa mbili usiku na kibanda kiko wazi, hamu haisubiri umeme. Anayechagua njia hii awe na kifaa cha pili kilichochajiwa, au betri ya akiba ya simu, au chingamu ya nikotini mfukoni kwa saa hizo.

*Gharama na upatikanaji.* Kifaa ni mara moja. Baadaye ni likidi (kwa 2 ml kwa siku, chupa ya 10 ml inaisha siku 5) na koili. Za kutupa zinaonekana rahisi siku ya kwanza na zinakuwa ghali kuliko zote kufika mwezi wa pili. Msafiri ajue pia kwamba sheria ya Uganda ya 2015 inapiga marufuku kuziingiza na kuziuza.

*Inamfaa nani.* Mvutaji wa miaka mingi aliyejaribu dawa za farmasi kwa kipimo kamili akashindwa, anayekosa mkono kushika na mdomo kuvuta. Haimfai kijana aliyeanza juzi, mama mjamzito, wala nyumba yenye watoto wadogo isiyo na kabati la kufungwa.

Kulingana na hali yako

*Unavuta ukiwa bado kitandani.* Plasta (21 mg, au 14 mg ukivuta 10 au chini kwa siku) pamoja na chingamu. Usianze na kimoja ili kubana pesa.

*Unavuta sita kwa siku, zote baada ya kazi.* Chingamu au vidonge vya 2 mg vitatosha. Anza nusu saa kabla ya saa yako ya hatari, usingoje hamu ifike.

*Unavuta ukinywa tu.* Dawa yoyote itakuwa na kazi ngumu mbele ya pombe. Wiki tatu za kwanza kunywa kisicho pombe, kama munkoyo (kinywaji cha mahindi) usiochacha, na ukilazimika kukaa baa, chingamu iingie mdomoni kabla ya chupa kufunguliwa, kwa sababu bia nayo inaharibu kazi yake.

*Unafanya kazi mgodini au penye mafuta na gesi.* Plasta. Kifaa chenye betri na koili ya moto hakina mahali huko.

*Una ugonjwa wa moyo, au ulipata shambulio wiki chache zilizopita.* Mwone daktari kabla ya nikotini ya aina yoyote. Kwa moyo uliotulia, plasta ni salama kuliko kuendelea kuvuta.

*Unatibiwa kifua kikuu.* Mwambie muuguzi anayekupa dawa kwamba unavuta. Kuvuta huongeza hatari ya kufa kwa kifua kikuu, na hapa kuacha ni sehemu ya matibabu.

*Nikotini haikukusaidia kwa njia yoyote.* Viko vidonge visivyo na nikotini, vareniklini na bupropioni, vya kuandikiwa na daktari. Bupropioni haifai kwa mwenye kifafa.

*Umefikiria tumbako ya kunusa au shisha kama njia ya katikati.* Tumbako ya kunusa ni tumbako ile ile, na moshi wa shisha una kaboni monoksidi nyingi.

*Unakunywa kahawa nyingi.* Punguza nusu tangu siku ya kuacha, kwa njia yoyote utakayochagua. Moshi wa sigara huufanya mwili uondoe kafeini haraka. Moshi ukikoma, vikombe vile vile vinne vinakuletea mikono kutetemeka na kukosa usingizi, na watu wengi hudhani ni plasta, wakaibandua.

*Pesa inatosha wiki nne tu.* Usinunue leo. Endelea kuweka bei ya sigara mbili kila siku mpaka plasta za ngazi ya kwanza zote 42 zipatikane. Siku tatu za kwanza bila sigara ndizo kali kuliko zote, na usumbufu unadumu wiki mbili hadi nne. Dawa ikiisha wiki ya nne unakuwa ndiyo kwanza unatoka humo, bila kitu cha kushika mkononi.